Nyumba ya Wageni Haijisimamii Yenyewe

Ingia katika majilisi ya shule yoyote ya upili siku ya mwisho wa mwezi, nawe utawakuta walimu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja linasahihisha madaftari huku likinung'unikia makato ya mshahara. Kundi la pili limeizunguka simu ya mmoja wao, linatazama picha za kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe pe, taulo zimekunjwa mfano wa bata-maji, na nje ya dirisha bahari inameremeta. Chini ya picha pana bei: shilingi 5,000 kwa usiku mmoja. Hapo ndipo hesabu ya haraka hufanywa, aghalabu na mwalimu asiyefundisha somo la hesabu. Elfu tano mara siku thelathini ni laki moja na nusu! Mshahara wa nani hapa unafika huko?

Biashara inayozungumzwa ni ile ya kukodisha nyumba kwa muda mfupi, usiku mmoja, usiku tatu au wiki nzima, kwa watu wanaokwenda likizoni. Wakenya wengi huiita Airbnb, jina la kampuni iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2008. Jina hilo sasa limekuwa kama jina la sabuni fulani lililogeuka kuwa jina la sabuni zote. Hata nyumba ambayo haijawahi kuorodheshwa katika mtandao wa kampuni hiyo huitwa vivyo hivyo. Kuanzia Diani hadi Watamu, kuanzia Kilimani hadi Naivasha, majengo ya fleti yanachipuka, na wanaoyauza wanajua vyema ni nani mwenye akiba na mwenye hati ya mshahara inayokubalika kwa mkopo. Mwalimu yu miongoni mwa wa kwanza kupigiwa simu.

Simlaumu mtu kwa kutamani. Mwalimu wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60, na ni haki yake kujiuliza atakula nini akiwa na miaka 75. Ninachokilalamikia ni neno moja ambalo wauzaji hawa hulipenda mno: kwamba nyumba "itajilipa yenyewe". Nimeliona neno hilo likimwumiza mtu ninayempenda.

Rafiki yangu huyo alifundisha historia katika eneo la Magharibi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipostaafu, alichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, akaongeza mkopo ambao mkewe, mwalimu pia, aliuchukua katika chama chao cha akiba na mikopo, wakanunua fleti ya vyumba viwili vya kulala huko Bamburi, Mombasa. Waliinunua ingali mchoro karatasini. Kampuni iliyowauzia iliwaonyesha jedwali la mapato lililoandikwa kwa rangi za kupendeza, na ndani yake kila mwezi ulikuwa na siku thelathini zilizojaa wageni, hata Februari.

Hebu tuchukue kalamu, na mwalimu wa hesabu akipenda alipeleke zoezi hili darasani. Nitatumia takwimu zilizo karibu na zile za daftari la rafiki yangu, nimezisawazisha ili zihesabike kwa urahisi. Bei ni shilingi 5,000 kwa usiku. Ukichanganya miezi mizuri na mibaya, nyumba yake ilipata wageni kwa wastani wa siku 12 kwa mwezi. Basi mapato ni shilingi 60,000, wala si 150,000. Mtandao unaoleta wageni ukikata asilimia 3, zimetoka 1,800. Msimamizi anayepokea wageni na kuwakabidhi funguo huchukua asilimia 20, yaani 12,000. Wageni hao ni makundi matano hivi kwa mwezi, na kila kundi likiondoka lazima nyumba ifagiliwe, ipigwe deki, mashuka yaende kwa dobi. Kwa 1,200 kila mara, hiyo ni 6,000. Umeme 7,000, kwa maana mgeni aliyelipia kiyoyozi hukiacha kikivuma hata akiwa ufuoni. Maji, intaneti, gesi na televisheni 6,500. Ada ya jengo, ya kulipia walinzi, lifti na taka, 6,000. Sabuni, glasi zinazovunjika, bomba linalovuja na godoro litakalochakaa, weka 5,000 na ushukuru Mungu zikitosha. Jumla ya matumizi ni 44,300. Zilizobaki mkononi ni shilingi 15,700, na ushuru haujalipwa.

Sasa tuiangalie fleti iyo hiyo ikiwa na mpangaji wa kawaida anayelipa kodi ya 35,000 kila mwezi. Maji na umeme ni juu yake, kitanda ni chake, sabuni ni yake. Mwenye nyumba atoe ada ya jengo 6,000, abakiwe na 29,000. Ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba za makazi ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, basi atoe 2,625. Anabaki na 26,375 bila kufua shuka hata moja. Nilipopiga hesabu zaidi niliona kwamba, kwa takwimu hizi, nyumba ya wageni ingehitaji takriban siku 17 za wageni kila mwezi, mwaka mzima, ili ifikie tu pale mpangaji wa kawaida anapofika kabla ya ushuru. Wala sijagusa fedha za samani. Mpangaji huja na kochi lake. Mgeni hutaka kulikuta, tena liwe safi.

Je, siku 17 haziwezekani? Zinawezekana sana mwezi wa Desemba. Mwalimu wa jiografia atatueleza sababu. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia, jua huwaka, na huko bara shule hufungwa. Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza safari zake kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, familia nyingi ambazo zamani zingeenda likizo ushago huteremkia pwani. Katika wiki ya Krismasi unaweza kuongeza bei mara mbili na bado ukawakosa wageni nafasi. Lakini kuanzia Aprili upepo hugeuka. Kusi huleta mawimbi na mwani ufuoni, na Mei huwa na mvua nyingi kuliko miezi yote ya pwani. Shule zimefunguliwa, wazazi wamelipa karo na mifuko imekauka. Hoteli nyingine kubwa huchagua kufunga milango kwa wiki kadhaa wakati huo kuliko kuwalisha wafanyakazi wasio na wa kumhudumia. Ikiwa hoteli yenye meneja, mhasibu na mpishi mkuu hulala usingizi wa kusi, fleti yako itakesha na nani?

Hapo pana jambo la kinyume ambalo rafiki yangu hakuliona mapema, japo maisha yake yote yaliendeshwa na kalenda ya shule. Yeye alikuwa amestaafu, ndiyo, lakini mkewe bado alikuwa darasani, na nyumbani walikuwa na ng'ombe, na binti yao wa mwisho alikuwa chuo kikuu. Kutoka kwao hadi Bamburi ni zaidi ya kilomita 800. Nyumba ya wageni ilimtaka awepo, naye hakuweza kuwepo. Akamwajiri kijana wa pale mtaani.

Msomaji ameshakisia kilichofuata. Mwezi wa Juni kijana alipiga simu: "Mwalimu, hali ni ngumu. Mwezi huu wamekuja wageni wawili tu." Julai vivyo hivyo. Mwalimu akamhurumia, hata akamtumia pesa za matumizi. Lakini umeme wa nyumba ile ni wa tokeni, na tokeni alizinunua yeye mwenyewe kwa simu, na kama walimu wote wa historia alihifadhi kumbukumbu. Jioni moja aliketi akalinganisha. Uniti zilizotumika Juni, mwezi wa "wageni wawili", zilikaribia zile za Desemba nyumba ilipokuwa imejaa. Friji tupu haili umeme wa namna hiyo. Alisafiri bila kuaga, akafika alfajiri, akakuta viatu jozi nne nje ya mlango wake na watu asiowajua wakinywa chai katika vikombe alivyovichagua mkewe. Walikuwa wamelipa, na risiti za M-Pesa walikuwa nazo. Zilikuwa zimekwenda kwa simu ya kijana.

Nilipomsikia akisimulia nilicheka, na yeye akacheka, lakini muhula ule binti yake alikuwa ameahirisha masomo kwa kukosa karo. Makato ya mkopo wa mkewe hayakuahirishwa hata mwezi mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humwachia mfanyakazi thuluthi moja ya mshahara wake, makato yote yasivuke hapo. Mama yule alikuwa akiishi kwa thuluthi hiyo. Mkopo hauna msimu wa kaskazi na kusi. Na wako waliopata mtihani mkubwa zaidi: mwaka 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje kuanzia Machi 25 hadi mwishoni mwa Julai kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, na kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Julai watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa. Nyumba za wageni za pwani zilinyamaza kama makaburi. Waliokuwa wamejenga kwa akiba yao walikaza mkanda wakangoja. Waliojenga kwa deni walijua hawajui.

Kuna majirani pia, na hawa huwa hawamo kabisa katika jedwali la rangi. Jengo la fleti ni kijiji kilichosimamishwa wima. Katika orofa ya tatu pana mjane na wajukuu, katika ya nne pana daktari anayetoka zamu ya usiku, na katikati yao pana nyumba ambayo kila Ijumaa hupokea watu wapya, muziki mpya na kelele mpya. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inawapa wenye fleti chama chao cha kulisimamia jengo na kutunga kanuni za ndani. Ununuapo fleti kwa nia ya kuwakodishia wageni wapitao bila kuzisoma kanuni hizo, unaweza kujikuta siku moja kikaoni, umezungukwa na majirani ambao hawana kisa nawe ila wanataka kulala.

Halafu liko la uhai wa watu, ambalo ni zito kuliko fedha. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa jijini Nairobi, kila mmoja kwa wakati wake, ndani ya nyumba za kukodi za muda mfupi. Mwisho wa mwezi huo, Januari 27, maelfu ya wananchi waliandamana katika miji kadhaa kupinga mauaji ya wanawake. Serikali nayo, kupitia mamlaka inayosimamia biashara za utalii, iliwataka wenye nyumba hizi wajisajili. Nyumba ambayo mtu huingia kwa ufunguo ulioachwa chini ya chungu cha maua, bila kuonyesha kitambulisho, bila bawabu kuandika jina lake, ni mtego. Mwenye nyumba aliye mbali hawezi kusema hayamhusu. Alipokea fedha za usiku ule.

Kwa hiyo sheria itazidi kukaza, na ni vyema mwekezaji aihesabu tangu mwanzo: leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mapato ya malazi, kibali cha biashara cha kaunti, na ushuru wa mapato. Kwingineko wamekwisha kwenda mbali zaidi. Mji wa New York tangu Septemba 2023 unamtaka mwenyeji awepo nyumbani mgeni anapokaa chini ya siku thelathini. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba leseni zake zaidi ya 10,000 za fleti za watalii hazitafanywa upya zitakapokwisha mwezi Novemba 2028, ili nyumba ziwarudie wakazi. Sisemi kwamba Mombasa itafuata njia hiyo. Nasema kwamba anayelipa mkopo wa miaka kumi anapaswa kufikiri miaka kumi mbele.

Sharti hilo la New York, kwamba mwenyeji awepo, lilinifanya nitabasamu, maana wazee wa pwani hii hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza jinsi vijana wa mji walivyokuwa wakizikimbilia merikebu kwa mashua, kila mmoja amebeba sinia ya chakula, akimkabidhi mfanyabiashara fulani na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mgeni alikaa kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, utakuta chumba kiitwacho sabule, karibu na kiwanda cha nyumba, kilichotengwa kwa ajili ya wageni. Nje yake ni daka, mahali pa kuketi na kuzungumza. Mgeni aliletwa na kaskazi na aliondoka na kusi. Ilikuwa biashara, tena ya faida. Nani angelisha mtu miezi mitatu bure? Walakini mwenye nyumba alikuwa ng'ambo ya ua. Alijua nani ameingia, ameleta nini, ana tabia gani na ataondoka lini. Hakuhitaji kuhesabu tokeni.

Ndiyo maana siwezi kuitupa biashara hii yote jalalani. Huko Malindi namfahamu bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye watoto wake walipooa na kuolewa walimwachia vyumba viwili vitupu. Alivipaka chokaa, akaweka vyandarua vizuri na choo cha ndani, akaanza kuwapokea wageni. Asubuhi huwapikia mahamri na mbaazi. Hana deni. Kusi kukija na vyumba vikakaa vitupu, hapotezi kitu ila faida. Paa lile lingekuwa juu ya kichwa chake hata hivyo. Nilipomuuliza siri yake alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. "Mwanangu, mimi sikununua nyumba ya wageni," alisema. "Nilijenga nyumba yangu, wageni wakanikuta." Tena huandika kila kitu katika daftari la mistari, jina la mgeni, nambari ya kitambulisho, siku aliyokuja na siku aliyoondoka, kwa mwandiko ule ule aliotumia kuandika rejista ya darasa la tatu.

Na nyinyi wanafunzi mnaosoma makala hii kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili amewaambia mtafute msamiati, msione kwamba haya ni ya wazee wenye kiinua mgongo. Vijana wengi waliomaliza kidato cha nne huko Mtwapa, Nyali na Diani sasa hula kwa kazi hii: kufua, kupiga deki, kupokea wageni usiku wa manane, kupiga picha za nyumba na kujibu ujumbe wa watu wa nchi za nje kwa lugha sanifu. Ni kazi halali na ina ujuzi wake. Kijana aliyemwibia rafiki yangu alikuwa hodari sana. Wageni walimsifu kwa maandishi. Mshahara wake, nilipouliza, ulikuwa asilimia 20 ya miezi ambayo nusu yake ilikuwa mitupu, bila mkataba wala siku ya mapumziko. Simtetei. Lakini aliyetaka nyumba ijilipe yenyewe alitaka pia mtu ajilipe mwenyewe, na kijana akajilipa.

Rafiki yangu alifikiria kuiuza. Bei alizotajiwa zilikuwa chini ya ile aliyonunulia, kwani jengo lile lina fleti nyingi zilizonunuliwa kwa jedwali lile lile, na kadhaa zilikuwa sokoni wakati mmoja. Mwishowe aliondoa tangazo mtandaoni, akauza vitanda na makochi kwa hasara, akatafuta mpangaji. Akapata muuguzi mwenye watoto wawili, anayefanya kazi hospitalini karibu na hapo. Hulipa 35,000 ifikapo tarehe tano. Binti amerudi chuoni. Mkopo wa mkewe umebakisha miaka michache.

Agosti iliyopita mzee na mkewe waliteremka Mombasa kwa treni. Muuguzi aliwaalika chakula cha mchana, wakala pilau katika sebule ambayo ni yao na si yao, watoto wakamwonyesha mzee mahali walipopachika ramani ya Afrika ukutani kwa misumari. Hakusema neno juu ya misumari. Kisha walikwenda kukodi chumba karibu na ufuo kwa usiku tatu, wakalipa kama wageni wengine, wakaacha mashuka yamevurugika kitandani, na mzee aliniambia kwamba hajawahi kulala usingizi mzuri namna ile.